Tulikula jodari hotelini, watatu kati yetu wakawashwa: je, huu ni mzio wa samaki?

SWALI: Sisi ni marafiki watano, na kila Ijumaa jioni hukutana katika hoteli moja ya mtaani kwetu Shela, Malindi, tukala pamoja. Juma lililopita tuliagiza jodari wa kukaanga, wali wa nazi na kachumbari. Hata nusu saa haijapita, watatu kati yetu tuliwiva uso na shingo, kichwa kikatugonga, moyo ukatwenda mbio na ngozi ikawasha. Mmoja, ambaye siku hizi anameza dawa za kinga ya kifua kikuu, alizidiwa tukampeleka zahanati, na huko akaambiwa ana mzio wa samaki, asiguse samaki tena maishani. Cha ajabu ni kwamba aliyekula kuliko sote hakupatwa na lolote. Samaki hakunuka, na aliiva vizuri. Je, ni mzio kweli? Tutamjuaje samaki wa namna hiyo kabla hajafika sahanini? Na je, tuihame hoteli ile tuliyoizoea?

JIBU: Ndugu yangu, poleni sana kwa yaliyowafika. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni hapo mzio wa samaki. Dalili ulizozitaja, muda wake, na aina ya samaki mliyokula vyote vinaelekea upande mmoja, nao ni sumu ya histamini, ambayo ni mojawapo ya madhara yanayojulikana sana duniani yatokanayo na ulaji wa samaki, na ambayo mara nyingi sana hudhaniwa kuwa mzio. Mzio wa samaki ni jambo la mwili wa mtu mmoja mmoja. Ni vigumu mno watu watatu waliokulia pwani, waliokula samaki tangu wakinyonya, wapate mzio mpya usiku mmoja, meza moja, ndani ya nusu saa ile ile. Watu kadhaa waliokula samaki yule yule wakiwiva nyuso kwa pamoja, mtu wa kwanza kuchunguzwa awe ni samaki.

Histamini ni kitu ambacho hata mwili wetu hukitengeneza. Ndicho kinachotolewa mwilini mtu mwenye mzio anapopatwa, na ndiyo sababu dalili zinafanana hata daktari aliyeshughulika akaweza kukosea asipouliza wenzake mgonjwa wamekuwaje. Tofauti ni kwamba ninyi hamkuitengeneza, bali mliimeza ikiwa tayari imejaa kwenye nyama ya jodari. Jodari na jamaa zake wana wingi wa kiini kiitwacho histidini katika nyama yao. Samaki akiwa hai, hakuna neno. Akishakufa, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na matumbo yake huanza kuenea ndani ya nyama, na baadhi yao wana kimeng'enya kinachoigeuza histidini kuwa histamini. Kazi hiyo hutaka joto, na joto letu la pwani linatosha na kuzidi. Samaki akilala kwenye baridi ya nyuzi 4 au chini ya hapo, bakteria hao hudorora. Akiachwa kwenye sakafu ya mashua, au juu ya meza ya mchuuzi akinyunyiziwa maji ya bomba, kazi huenda mbio, na ndani ya saa chache tu kiasi cha kumdhuru mtu kinaweza kuwa kimekwisha kutengenezwa. Jodari tena ana shida yake mwenyewe: ni samaki ambaye mwili wake huwa na joto kuliko maji anayoogelea, na akipigana sana na mshipi joto lile huzidi, kwa hiyo anapopandishwa chomboni tayari ana moto ndani ya minofu yake minene ambao barafu ya juu juu haiufikii upesi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka walielezwe mara mbili. Histamini ikishatengenezwa haiondoki kwa kupikwa. Kukaanga huua bakteria na kuharibu kimeng'enya, lakini sumu yenyewe hubaki pale pale kwenye kipande. Haiondolewi na kuchomwa kwenye makaa, wala kuchemshwa kwenye tui, wala kukamuliwa ndimu, wala kutiwa kwenye friza, wala chumvi na jua la ng'onda. Kwa hiyo unaposema samaki aliiva vizuri, ninakuamini, na bado haisaidii kitu. Mpishi wenu huenda alifanya kazi yake barabara kwa samaki aliyeharibika kabla hajaingia jikoni.

Vilevile kutonuka hakumwondolei samaki lawama. Harufu ya samaki aliyeoza hutoka kwa bakteria wengine na vitu vingine, na histamini yenyewe haina harufu ambayo pua ya mtu itaitambua. Jodari anaweza kuwa na rangi nzuri, nyama imekaza, na bado amebeba sumu ya kutosha. Wako watu wanaosema walisikia ulimi ukiwasha kama pilipili manga, au ladha ya chuma, walipotia tonge la kwanza, na hiyo ni dalili ya kweli inayofaa kuheshimiwa. Lakini fikiria jinsi tunavyopika huku kwetu: samaki amepakwa pilipili, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, pembeni kuna ukwaju na kachumbari ya pilipili mbichi. Ladha pekee ambayo ingeweza kututahadharisha imefunikwa na viungo tunavyovipenda. Dalili nyingine ya kuangalia ni kipande kilichopikwa ambacho ukikivunja unakuta nyama ina vitundu vitundu kama sega la nyuki. Ukiviona hivyo kwenye jodari, weka kando, usile.

Umeuliza kwa nini aliyekula sana hakudhurika. Sababu ni kwamba histamini haisambai sawasawa ndani ya samaki mmoja. Sehemu zilizo karibu na matamvua na tumbo mara nyingi huwa na nyingi zaidi, kwa kuwa huko ndiko bakteria walikoanzia safari, na sehemu ya mkiani inaweza kuwa salama kabisa. Jodari mkubwa hukatwa mapande mengi, na huenda mapande mawili yaliyolala kwenye sinia moja hayakutoka upande mmoja wa samaki, au hata samaki mmoja. Ili upate kipimo, mkutano wa wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, mwaka 2012 uliona kwamba mtu mzima mwenye afya hatarajiwi kudhurika akimeza hadi miligramu 50 za histamini kwa mlo mmoja. Ukichukulia kwamba mlo wa samaki ni gramu 250, hiyo ni sawa na miligramu 200 katika kilo moja ya nyama. Samaki wanaowaangusha watu mara nyingi hukutwa na kiasi kinachozidi miligramu 500 kwa kilo. Kwa hiyo mwenzenu aliyekula mapande mawili ya mkiani aliweza kuondoka salama, na wewe uliyekula nusu ya pande la tumboni ukalala na kichwa kinagonga.

Halafu kuna huyu rafiki yenu wa dawa za kifua kikuu, ambaye ndiye ninayemjali kuliko wote katika barua yako. Matumbo yetu yana kimeng'enya cha kuivunjavunja histamini inayoingia na chakula, na ndiyo sababu kiasi kidogo hakitudhuru. Dawa ya isoniazidi, ambayo hutumika sana katika kutibu na kukinga kifua kikuu, hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Anayeimeza, akila samaki mwenye histamini kidogo ambayo mimi na wewe tusingeihisi, yeye huweza kuwiva uso, kuumwa kichwa na kupigwa na moyo, na akila yenye kiasi kikubwa huzidiwa. Hili linajulikana kwa waganga wa kifua kikuu, lakini mgonjwa wa kawaida wa pwani, ambaye samaki ni chakula chake cha kila siku, huenda asielezwe. Asiache dawa hata siku moja kwa sababu ya jambo hili. Aende kwenye kliniki anakochukulia dawa, awaeleze yaliyotokea na awaulize kama anayomeza ni isoniazidi au ina isoniazidi ndani yake. Ikiwa ndivyo, basi mpaka amalize dozi asile jodari na jamaa zake, na mkikaa mezani mwagizieni changu au tasi.

Nimetaja jamaa za jodari mara mbili, kwa hiyo niwataje kwa majina. Katika samaki wa kwetu, wanaohusika na sumu hii ni jodari wa aina zote pamoja na sehewa, nguru, vibua, fulusi, sulisuli, kolekole, na hata samaki wadogo kama simu na dagaa wanaouzwa kwa vikapu. Kwa sumu hii, samaki wa miambani kama changu, tewa na tasi hawana hatari kubwa, maana nyama yao haina histidini nyingi namna hiyo; pweza, ngisi na kamba nao hivyo hivyo. Sisemi kwamba changu hawezi kuoza au kuwaharisha watu. Nasema tu kwamba jioni ambayo hamna hakika na barafu ya hoteli, changu wa kupaka ni uamuzi wa busara kuliko jodari wa kukaanga.

Hapa ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Kwa kuwa jicho, pua na ulimi haviwezi kutegemewa, kilichobaki ni kuuliza. Najua watu huona haya kumhoji mwenye hoteli wanayemwamkia kila siku, na wengine huona ni kumvunjia heshima. Mimi naona ni kinyume chake, na wenye hoteli wazuri hupenda kuulizwa, maana mteja anayeuliza habari za samaki anathamini gharama ya barafu waliyoilipa. Usiulize kama samaki ni fresh, kwa sababu hakuna aliyewahi kujibu kwamba si fresh. Uliza kwa adabu: "Mzee, jodari huyu amefika lini? Alilala kwenye barafu tangu chomboni ama amefika mkavu? Amekatwa leo?" Akijibu bila kusita, akakutajia alikomtoa na siku, hiyo ni dalili njema. Akikwambia "usijali, huyu ni wa leo" na kugeukia meza nyingine, basi nyinyi watano badilisheni oda.

Nikueleze unachotafuta katika majibu hayo. Jodari aliyetunzwa vizuri ametolewa matamvua na matumbo mapema, tumbo lake limejazwa barafu iliyopondwa, kisha amelazwa ndani ya kasha: tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu tena, na chini pana tundu la kutolea maji yanayoyeyuka ili samaki asiogelee ndani ya maji machafu. Kwa joto letu, uzito wa barafu unapaswa kukaribia kuwa sawa na uzito wa samaki. Ukiona kasha lina kilo nyingi za jodari na vibonge vichache vya barafu vimewekwa juu, barafu ile inapoza macho ya mnunuzi tu. Hilo unaweza kulitazama mwenyewe ukipita bandarini asubuhi, na ukishalitazama utajua wachuuzi gani wanalisha hoteli gani.

Jikoni nako kuna mahali pawili pa kuangaliwa. Pa kwanza ni friza. Samaki aliyegandishwa akiwa mzima hana neno, lakini umeme ukikatika saa nyingi akayeyuka kisha akagandishwa tena, kimeng'enya kilichokuwa kimelala huamka na kuendelea na kazi. Vivyo hivyo samaki aliyetolewa kwenye friza asubuhi akaachwa juu ya karo ayeyuke mpaka jioni. Alipaswa kuyeyushiwa ndani ya friji. Pa pili ni bakuli la viungo. Mpishi mwenye nia njema hupaka mapande pilipili na ndimu tangu adhuhuri ili viungo viingie, halafu huliacha bakuli juu ya meza kwa sababu friji imejaa soda. Ndimu haizuii histamini kama wengi wanavyodhani. Bakuli lile likiwa kwenye baridi, samaki atakuwa mtamu vile vile, na salama.

Majira nayo yana neno. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na jodari hupatikana kwa wingi, na ndio wakati hasa wa kumla, lakini ndio pia wakati wa joto kali, na siku ambazo samaki ni wengi kuliko barafu ndizo siku za hatari. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na jodari unayemkuta kwenye hoteli ya mtaani huenda ni wa friza. Hilo si baya lenyewe, ila swali la umeme na la kuyeyushwa linakuwa zito zaidi. Na ikiwa siku mkijaliwa mnakwenda kwenye mojawapo ya mikahawa ya Kiitaliano iliyojaa mjini Malindi mkaletewa jodari mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, maswali ni yale yale, wala bei ya sahani isiwazuie kuyauliza.

Kuna faida moja ya kula kwa kikundi ambayo nyinyi watano hamkuitumia. Mliagiza samaki wa aina moja kwa wote. Mngeagiza jodari sahani moja, changu sahani moja na pweza wa nazi, mkala kwa kuchangia, kila mmoja angepata kipande kidogo cha kila kitu, na hata kama jodari angekuwa na walakini, kiasi kilichoingia kwa kila mmoja kingepungua. Tena kikiwapata tena, mtajua upesi ni sahani ipi.

Dalili zikianza mezani, acheni kula samaki mara moja, wote, hata ambaye hajahisi kitu. Kwa wengi dalili huja kati ya dakika chache na saa moja baada ya kula, na huondoka zenyewe ndani ya saa 24. Dawa za mzio za kawaida, kama setirizini au klorofeniramini, huzituliza, na mfamasia atawaelekeza kipimo kinachomfaa kila mmoja. Lakini mtu akipumua kwa shida, akivimba ulimi au koo, akibanwa kifua, akizimia au akikaribia kuzimia, hapo hakuna kungoja: apelekwe hospitali ya kaunti ndogo ya Malindi, na kwa wenzetu wa Lamu, King Fahd. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo, mzee na anayemeza isoniazidi asingoje azidiwe. Mkifika, mwambieni daktari mambo matatu kabla ya yote: mmekula samaki gani, dalili zimeanza baada ya muda gani, na ni wangapi waliokula wakapatwa. Nafikiri rafiki yenu alipofikishwa zahanati swali hili la tatu halikuulizwa wala halikutajwa, na ndiyo maana akapewa hukumu ya maisha.

Kuhusu hoteli, sioni sababu ya kuihama bila ya kusema neno. Mlichotakiwa kufanya usiku ule, na ambacho bado hakijachelewa, ni kumwendea mwenye hoteli faragha, si mbele ya wateja, na kumweleza yaliyotokea. Usiku ule ule angeweza kuondoa mapande yaliyobaki kabla meza nyingine haijaletewa, na leo anaweza kumkumbuka mchuuzi aliyemuuzia na kumhoji. Mkipatwa tena, chukueni kipande kilichobaki, mkifunge kwenye mfuko safi, mkiweke kwenye friza, kwa kuwa histamini hupimika maabara hata baada ya kugandishwa. Mkiona mwenye hoteli hashughuliki, au mkisikia watu wengine wamepatwa pale pale, mpelekeeni habari afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na ile ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, zinampa mamlaka ya kuingia jikoni, kukagua na kuchukua sampuli. Simwoni afisa huyo kuwa adui wa hoteli za mtaani, maana akimkuta mchuuzi mmoja asiyenunua barafu amewaokoa wenye hoteli wote anaowauzia. Kwangu mimi, mwenye hoteli akikusikiliza, akakushukuru na juma lijalo akakuonyesha kasha jipya la barafu, hiyo ndiyo hoteli ya kuendelea nayo.

Limebaki la rafiki yenu na katazo lake. Asilipuuze kwa neno langu tu, maana mimi sijamwona, na mzio wa kweli wa samaki upo na unaweza kuua. Aende kwa daktari mwenye uzoefu wa mizio, amweleze kwamba wenzake wawili walipatwa usiku ule ule na kwamba anameza dawa za kifua kikuu, kisha aombe kipimo cha mzio wa samaki, cha ngozi au cha damu. Kipimo kikionyesha hana mzio, na daktari akiridhika, anaweza kuanza tena na samaki mweupe wa miambani hata kabla ya kumaliza dozi, kidogo kidogo, nyumbani, akiwa na mtu karibu. Jodari amngoje mpaka dozi iishe na kliniki imruhusu.